Pointi 183, euro sifuri: Räikkönen, Grosjean na mkataba uliomzidi nguvu mwajiri

Jumapili ya tarehe 3 Novemba 2013, katika mbio za Formula 1 za Abu Dhabi, Kimi Räikkönen wa timu ya Lotus alidumu kona moja tu. Alianzia nyuma kabisa kwa sababu muda wake wa kufuzu, ule unaopanga nafasi za kuanzia, ulikuwa umefutwa: sakafu ya gari lake ilipopimwa ilionekana kupinda kuliko kanuni zinavyoruhusu. Taa zikazimika, akagusana na gari la Giedo van der Garde wa timu ya Caterham, gari likaharibika mbele, na kazi ikaishia hapo. Kabla wenzake hawajamaliza kuzunguka, yeye alikwisha kuondoka uwanjani. Romain Grosjean, aliyekuwa akiendesha gari pacha la Lotus, alimaliza wa 4.

Siku tatu kabla ya hapo, Alhamisi ambayo madereva wote huketi mbele ya waandishi wa habari, Räikkönen hakuonekana. Alifika Ijumaa, na alipoulizwa akasema wazi kwamba mwaka mzima hajalipwa hata euro moja, kwamba amekuja tu kwa matumaini ya kufikia maelewano, na kwamba huenda asimalizie mbio mbili za mwisho. Alikuwa na pointi 183 msimu ule. Wakati huo ni madereva wachache sana duniani waliokuwa na nyingi kuliko hizo.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya timu iliyoshindwa kulipa, na ni kweli ilishindwa. Lakini ukikichimba unakuta jambo jingine, nalo ndilo linalonivuta: tofauti ya malipo kati ya madereva wawili wanaoendesha gari moja. Watu wengi huamini tofauti hiyo hupima kasi, kwamba anayelipwa mara tano ya mwenzake basi ni hodari mara tano, au angalau timu inaamini hivyo. Lotus ya 2012 na 2013 inaonyesha kinyume. Pale fedha zilifuata mambo mawili: nani alikaa mezani akiwa na nguvu siku ya kutia saini, na nani alikubali kubeba hatari ya kesho.

Turudi mwisho wa 2011. Timu hiyo, iliyokuwa na makao Enstone, Uingereza, ilikuwa katika hali ngumu. Mwezi Februari mwaka huo dereva wake tegemeo, Robert Kubica, alikuwa ameumia vibaya sana katika ajali ya rali. Nick Heidfeld akaletwa kuziba pengo, kisha akaondolewa katikati ya msimu, akaingia Bruno Senna kukaa pembeni ya Vitaly Petrov. Madereva hao watatu kwa pamoja walikusanya pointi 73, timu ikawa ya 5. Ishike namba hiyo, 73, maana tutaihitaji.

Upande wa pili alikuwepo Räikkönen, bingwa wa dunia wa 2007 akiwa na Ferrari, ubingwa alioupata kwa tofauti ya pointi moja mbele ya Lewis Hamilton na Fernando Alonso. Mwisho wa 2009 Ferrari ilivunja naye mkataba uliokuwa bado na mwaka mmoja ili kumpisha Alonso, ikamlipa aondoke. Akaenda kwenye rali miaka miwili, akajaribu kidogo na mbio za magari za NASCAR kule Marekani. Jina lilikuwa kubwa, lakini hakuna aliyejua kama mkono bado upo. Matairi yalikuwa yamebadilika, na wakati wa mbio mafuta hayakuwa yakijazwa tena.

Mezani basi kulikuwa na mwajiri asiye na fedha nyingi na mwajiriwa asiye na uthibitisho. Wakipatana watu wa namna hiyo, karibu mara zote hukubaliana kitu kimoja: nitakulipa kwa utakachovuna. Mikataba ya Formula 1 ni siri, lakini kiwango kilichoandikwa sana na vyombo vya habari ni euro 50,000 kwa kila pointi, juu ya mshahara wa msingi ambao kwa bingwa wa dunia ulihesabiwa kuwa wa chini. Siku ile mkataba ulikuwa na busara. Kama timu nzima ilipata pointi 73 mwaka uliopita, basi hata dereva mmoja angezivuna zote peke yake, deni lingekuwa euro milioni 3.65. Bei ya kawaida kabisa kwa bingwa.

Kisha gari likatoka zuri. Räikkönen alimaliza msimu wa 2012 akiwa wa 3 duniani kwa pointi 207. Alishinda Abu Dhabi, siku ile aliyomjibu mhandisi wake kwenye redio kwamba amwache, anajua anachofanya, maneno ambayo baadaye aliyachapisha kwenye fulana akawagawia wafanyakazi wa timu. (Dereva kuwanunulia wafanyakazi fulana, wakati mwaka mmoja baadaye timu hiyo itashindwa kumlipa yeye, ukitunga hadithi ya namna hiyo utaambiwa umezidisha chumvi.) Kwa bei iliyoripotiwa, pointi 207 ni euro milioni 10.35. Mkataba uliobuniwa kumlinda mwajiri dhidi ya dereva aliyechakaa ukageuka mzigo kwa sababu dereva hakuwa amechakaa hata kidogo.

Sasa mtazame mwenzake. Grosjean alikuwa bingwa wa 2011 wa GP2, mashindano ya ngazi ya chini ya Formula 1. Alikwisha kuonja Formula 1 mwaka 2009 na timu hiyohiyo ya Enstone, wakati huo ikiitwa Renault, akatupwa nje. Hii ilikuwa nafasi yake ya pili, na katika mchezo huu nafasi ya tatu ni nadra. Zaidi ya hapo, alikuwa chini ya usimamizi wa Gravity, kampuni iliyokuwa ya kundi la Genii. Genii ndilo lililokuwa linamiliki timu. Na aliyeongoza Gravity alikuwa Eric Boullier, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa timu ya Lotus. Soma tena kama inabidi: meneja wake na bosi wake walikuwa mtu yuleyule.

Meneja wa Räikkönen, Steve Robertson, alikuwa na kazi moja tu, kuikamua Lotus kadiri inavyokamulika. Msimamizi wa Grosjean alikuwa na sababu ya kumtakia kijana mema, ndiyo, lakini hakuwa na sababu yoyote ya kumpandishia bei dhidi ya mfuko wake mwenyewe. Huhitaji kuona karatasi za mkataba kujua nani kati ya wawili hawa angetoka na fungu dogo. Tofauti ilikwisha kupangwa kabla gari halijawashwa.

Je, kasi yao ilitofautiana kwa kiasi hicho? Katika kufuzu 2012, Grosjean alikuwa karibu na Räikkönen mno, na mara kadhaa alianza mbele yake. Alisimama jukwaani, yaani alimaliza ndani ya tatu bora, mara tatu msimu huo. Kilichomwangusha ni ajali za mwanzo wa mbio, hasa ile ya Spa, Ubelgiji, iliyomfanya afungiwe mbio moja, Jérôme d'Ambrosio akamshikia kiti pale Monza, Italia. Alimaliza na pointi 96. Yaani mmoja alileta zaidi ya mara mbili ya mwenzake, lakini ukipima mzunguko mmoja wa kasi tofauti ilikuwa ndogo sana. Räikkönen alikuwa akiuza kitu kingine kabisa: kufika. Kuanzia Bahrain 2012 hadi Hungary 2013 alimaliza ndani ya pointi mbio 27 mfululizo, rekodi kwa wakati huo. Mkataba wa malipo kwa pointi ni kama ulishonwa kwa vipimo vya mtu wa aina hiyo, na kama ningekuwa mhasibu wa Lotus ningeliona hilo mapema kuliko wahandisi.

Hapa ndipo tatizo halisi lilipo. Bonasi ya pointi hukua kila Jumapili, lakini fedha za kuilipa hazikui kwa mwendo huohuo. Mgao wa timu kutoka mapato ya Formula 1 wakati huo ulifuata nafasi ya timu mwisho wa msimu, na ulilipwa katika mwaka uliofuata. Pointi ambayo dereva anaivuna Machi 2013 inamdai mwajiri sasa, huku mavuno yake kwa timu yakianza kuonekana mwaka 2014. Katikati kuna mishahara ya mamia ya watu, kuna wauzaji wa vipuri, na mwaka ule hasa kulikuwa na mzigo wa kuunda gari jipya kabisa, kwa sababu 2014 ilikuwa inaleta injini za V6 zenye turbo na mfumo wa umeme. Timu tajiri huziba pengo hilo kwa hazina au kwa mfuko wa kampuni mama. Lotus ilikuwa ikitegemea wawekezaji, waliotangazwa Juni 2013 kuwa watanunua asilimia 35 ya timu. Fedha hizo hazikufika. Wahenga walisema kukopa harusi kulipa matanga. Huku Enstone matanga yalianza harusi haijaisha.

Hivyo Räikkönen, aliyedhaniwa kuwa mwajiriwa ghali, akawa mkopeshaji. Kila pointi ilikuwa mkopo usio na riba wala dhamana. Na mwenzake mwenye mkataba wa kawaida, kwa maana hiyo moja, alikuwa salama zaidi: hakuwa akidai mlima. Hakuna orodha ya mishahara inayochapishwa kila mwaka itakayokuonyesha hilo, maana orodha hizo huandika kilichoahidiwa, si kilichoingia benki.

Kuna upande mwingine ambao nadhani haujatazamwa vya kutosha, nao ni kinachotokea uwanjani pale wenza wawili wanapolipwa kwa kanuni tofauti. Chukua mbio za Ujerumani, Nürburgring, Julai 2013. Grosjean alikuwa mbele, Räikkönen nyuma yake akiwa na kasi zaidi mwishoni. Timu ikamwambia Grosjean asimzuie. Kimichezo hoja ilikuwa safi, kwani Räikkönen alikuwa na nafasi ya kumfikia Sebastian Vettel na kushinda. Hakumfikia, alimaliza wa 2, Grosjean wa 3. Timu ilipata pointi 33, zilezile ambazo ingepata kama wangemaliza kwa kupishana. Lakini kwa bei ya mkataba, zile pointi 3 za tofauti kati ya nafasi ya 2 na ya 3 ziliongeza euro 150,000 kwenye deni. Timu ilitoa amri iliyozidisha deni lake yenyewe bila kupata pointi hata moja ya ziada.

Sisemi kwamba wahandisi wanaoongoza mbio kutoka kando ya njia walikuwa na kikokotoo. Watu wa mbio hufikiri mbio. Lakini dereva ana kikokotoo kichwani, na mwenzake anajua kwamba anacho. Korea, mwezi Oktoba, Räikkönen alimpita Grosjean baada ya Grosjean kukosea kidogo mbio zilipoanza tena nyuma ya gari la usalama. Grosjean akauliza redioni kama atarudishiwa nafasi. Hakurudishiwa. Wa 2 na wa 3 tena, kwa mpangilio uleule wa bei kubwa. Ukiwa Grosjean, kijana anayejijenga, umeshaachia nafasi Ujerumani na sasa unaomba na kunyimwa, utajiona sehemu ya nani katika timu ile?

India, tarehe 27 Oktoba, mambo yakageuka. Grosjean alianza wa 17 na akapanda hadi kuwania nafasi ya 3. Mbele yake alikuwa Räikkönen, matairi yamekwisha, akihangaika kulizuia gari lisiteleze. Redioni ikaja sauti ya Alan Permane, mtu wa Enstone wa miaka mingi, ikimtaka Räikkönen apishe, kwa lugha ambayo siirudii hapa. Akajibiwa kwa lugha hiyohiyo. Grosjean akamaliza wa 3, Räikkönen akamaliza wa 7.

Ni rahisi kusema alikuwa mkaidi. Lakini ziweke nafasi hizo mbili kwenye mizani yake: ametangazwa mwezi Septemba kwamba anahamia Ferrari, tayari alisema Singapore kwamba sababu ya kuondoka ni fedha tu, hajalipwa, na sasa anafokewa kwamba haisaidii timu. Kule Abu Dhabi alilitaja hilohilo: si vizuri kuambiwa hujali timu wakati timu haijakulipa mwaka mzima. Sioni jibu la kweli ambalo mtu wa Lotus angeweza kumpa. Utiifu uwanjani ni sehemu ya kile mshahara unachonunua. Usipolipa, unaomba hisani.

Na hisani ilikwisha upesi. Tarehe 10 Novemba ilitangazwa kwamba Räikkönen atafanyiwa upasuaji wa mgongo na hatakimbia Austin, Marekani, wala Interlagos, Brazil. Mgongo ulikuwa ukimsumbua kweli. Mwezi Septemba Singapore nusura asianze kwa maumivu. Lakini dereva anayelipwa huvumilia mengi hadi msimu uishe, na dereva anayedai huenda kwa daktari mapema. Simlaumu.

Hasara ilihesabika. Baada ya Abu Dhabi, Lotus ilikuwa na pointi 297, Ferrari 323 na Mercedes 334. Nafasi ya 2 duniani haikuwa ndoto, na kila ngazi katika jedwali hilo ina fedha zake. Timu ikamwacha dereva wake wa akiba, Davide Valsecchi, ikamchukua Heikki Kovalainen kwa kuwa ana uzoefu. Kovalainen alimaliza wa 14 mara zote mbili. Pointi sifuri. Grosjean akawa wa 2 Austin, matokeo yake bora msimu ule, kisha injini ikamfia Brazil. Lotus ilifunga hesabu kwa pointi 315, ya 4. Kwa hiyo timu iliyoshindwa kulipa bonasi iliikosa fedha ambayo pengine ingeisaidia kulipa bonasi.

Wangefanya nini tofauti? Kwanza kabisa, kikomo. Mkataba wa malipo kwa pointi usio na kikomo ni sawa na kuuza tiketi bila kuhesabu viti. Wangeweza kuandika kwamba baada ya pointi 100, tuseme, bei inashuka kwa nusu, au kwamba bonasi inalipwa pale mgao wa msimu unapofika, ili deni na mapato vitembee pamoja. Wangeweza kuilipa kwa nafasi ya timu mwisho wa mwaka badala ya pointi za mtu, na hapo Räikkönen asingekuwa na sababu yoyote ya kimfuko ya kumkatalia Grosjean njia. Robertson angekataa baadhi ya haya. Lakini mwisho wa 2011, mteja wake akiwa ametoka kwenye rali, sidhani angeyakataa yote. Nguvu ya Lotus mezani ilikuwa siku ile tu. Baada ya pointi 207, nguvu ilihamia upande wa pili wa meza.

Upande wa dereva nao una kosa lake. Jenson Button mwaka 2009 alikubali kupunguza sana mshahara ili timu ya Brawn isife baada ya Honda kujitoa. Akatwaa ubingwa, kisha akahamia McLaren akiwa na bei mpya. Alipoteza kidogo, lakini alijua anapoteza nini na lini. Ayrton Senna mwaka 1993, akiwa hana hakika na McLaren, aliendesha kwa makubaliano ya mbio kwa mbio, dola milioni moja kila wikendi kwa mujibu wa taarifa za wakati ule. Huo ndio utaratibu wa mtu anayeshuku: lipa kwanza, nipande garini. Räikkönen aliendesha tangu Machi hadi Novemba kabla ya kutishia kuacha. Silaha ya dereva ni kutopanda gari, na kila Jumapili anayopanda bila kulipwa anaipunguza makali.

Kwa Grosjean, hesabu ni ngumu zaidi kufunga. Nusu ya pili ya 2013 alikuwa, kwa macho yangu, sawa na mwenzake na wakati mwingine zaidi: majukwaa sita kwa msimu, manne kati ya hayo katika mbio tano kuanzia Korea hadi Austin. Hapo ndipo dereva hupandisha bei. Lakini alibaki Enstone. James Allison, aliyebuni magari yale, alikwisha kuondoka tangu Mei 2013. Boullier akaondoka Januari 2014 kwenda McLaren. Grosjean akabaki na gari baya na pointi 8.

Kiti cha Räikkönen hakikupewa Nico Hülkenberg, aliyekuwa akitajwa sana. Kilikwenda kwa Pastor Maldonado, aliyekuja na udhamini wa PDVSA, shirika la mafuta la Venezuela. Kiti ambacho kwa misimu miwili kilikuwa kikizalisha deni la karibu euro milioni 10 kwa mwaka sasa kilikuwa kikiingiza fedha. Kwa mhasibu, huo ni ushindi. Msimu wa 2014 Maldonado alileta pointi 2, zote siku moja, pale Austin. Kwa bei ya zamani, euro 100,000.